MASHINDANO "YA WAZI" YALIYOFUNGWA KWA KUFULI LA RANGI

Ndugu wasomaji, katika lugha yetu neno "wazi" halina fumbo. Mlango ulio wazi hupitwa na kila mtu, mwenyeji na mgeni, mwenye viatu na asiye na viatu. Sasa, mtu akikuita kwenye baraza na kukuambia kuwa baraza hiyo ni wazi kwa wote, kisha ukifika ukute askari mlangoni anayetazama rangi ya ngozi yako, utamwita mtu huyo nani? Sisi twamwita mwongo.

Leo twataka kusema juu ya uongo wa namna hiyo uliodumu miaka mingi katika nchi ya Afrika ya Kusini. Uongo huo ulivishwa nguo za michezo, ukapewa kikombe cha fedha, ukaitwa Mashindano ya Wazi ya Gofu ya Afrika ya Kusini. Wako watakaotucheka. Watasema: gazeti la wananchi lina kazi gani na gofu, mchezo wa mabwana wanaotembea juu ya majani huku wakifuatwa na watoto waliowabebea mifuko? Twawajibu kwamba hao watoto wenye kubeba mifuko ndio khasa tunaotaka kuwasema. Hao ni wananchi. Na katika khabari ya mmoja wao limo somo kubwa kwa Afrika nzima, pamoja na Afrika yetu ya Mashariki, ambako mabango ya rangi yameshang'olewa lakini malango mengine bado hayajafunguka.

JINA LILIKOTOKA

Kwanza tutazame jina lenyewe. Mwaka 1860, katika mji mdogo wa Prestwick huko Scotland, wachezaji wanane waliofanya gofu kuwa kazi yao walikusanyika kushindania mkanda wa ngozi nyekundu. Hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa watengenezaji wa fimbo na mipira, watunza viwanja, na watu waliokulia katika kazi ya kuwabebea matajiri mifuko. Mwaka uliofuata, 1861, wenye klabu wakatangaza kuwa tangu hapo mashindano hayo yatakuwa wazi kwa dunia nzima. Hapo ndipo neno "wazi" lilipoingia katika mchezo huu. Maana yake ilikuwa moja: njoo na fimbo zako, piga mpira, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Hutaulizwa baba yako nani.

Ahadi hiyo ilikuwa nzuri. Lakini Waingereza walipotoka kwao kwenda kutawala nchi za watu, waliuchukua mchezo wakaiacha ahadi bandarini.

Huko Cape Town, klabu ya kwanza ya gofu ya Afrika ya Kusini iliundwa mwaka 1885 na jenerali wa jeshi la Kiingereza, Sir Henry Torrens. Angalieni, ndugu zangu: mwanzilishi ni jenerali. Mchezo ulishuka pwani pamoja na bunduki. Mwaka 1893 wakaanza kupimana nguvu kwa michezo ya maonyesho, na mwaka 1903, mara baada ya vita vya Waingereza na Makaburu, yakafanywa mashindano rasmi ya kwanza ya wazi ya nchi, mjini Port Elizabeth. Mshindi alikuwa Laurie Waters, mtu wa Scotland. Kwa kuanza mapema hivyo, mashindano haya yamo katika yale ya kale kabisa duniani, na wenyewe hujisifu kwa hayo hadi leo.

Basi tuihesabu miaka hiyo vizuri. Miaka 10 baada ya Port Elizabeth, yaani mwaka 1913, ikapitishwa Sheria ya Ardhi iliyowaachia Waafrika kiasi cha sehemu 7 tu katika kila sehemu 100 za ardhi ya nchi yao wenyewe. Mtu mwenye wingi wa watu akaachiwa kipande. Mgeni akabaki na nchi, hata akapata nafasi ya kupanda majani kwa ajili ya kupigia mpira. Na aliyekata majani hayo, aliyefukia mashimo, aliyebeba mfuko jua likiwaka, ni nani? Ni yule yule aliyenyang'anywa. Aliruhusiwa kuingia uwanjani kila siku ya Mungu, kwa sharti moja: asishike fimbo.

WAFALME WA KIKOMBE

Hatupendi kumnyima mtu haki yake. Ukweli ni kwamba nchi ile ilitoa wachezaji hodari sana. Sid Brews alitwaa kikombe hicho mara 8, mara ya kwanza mwaka 1925 na ya mwisho mwaka 1952. Bobby Locke alikitwaa mara 9, tangu 1935 hadi 1955, na huko Uingereza akashinda mara 4. Kisha akaja Gary Player, mtu mfupi wa umbo, mwenye bidii ya mazoezi isiyo kifani. Yeye alikitwaa mara 13 kati ya mwaka 1956 na 1981, na hakuna aliyemfikia mpaka leo.

Lakini katika orodha hiyo ndefu ya majina, tangu 1903 na kuendelea, mtafute Mwafrika mmoja. Mtafute Mhindi mmoja wa Natal. Mtafute Chotara mmoja wa Cape. Hamtamwona. Je, watu hao hawakujua kucheza? La, hasha. Walicheza. Walikuwa na mashindano yao kando, katika viwanja vibovu, kwa fimbo kuukuu zilizotupwa na mabwana. Mashindano ya Wazungu peke yao yaliitwa ya nchi nzima, na yale ya wengine wote, ambao ndio wengi, yaliitwa ya "wasio Wazungu". Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake.

Baada ya chama cha Makaburu kushika serikali mwaka 1948, desturi ikafanywa sheria. Mwaka 1950 ikaja sheria ya kugawa maeneo ya kukaa kwa rangi. Mwaka 1953 ikaja ya kutenga mabenchi, vyoo, fukwe na milango. Tangu hapo mtu aliyekuwa akizuiwa na kiburi cha mwenye klabu akawa anazuiwa na polisi pia.

KIJANA WA DURBAN

Sasa twafika kwa mtu wetu. Jina lake Sewsunker Sewgolum, lakini watu wote walimwita Papwa. Alikuwa mtoto wa masikini, Mhindi wa Durban, ambaye shule haikumpata. Kusoma na kuandika hakujua. Kazi yake ilikuwa kubeba mifuko katika uwanja wa Beachwood, karibu na bahari. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kushika fimbo, kwa hiyo akaishika kwa namna aliyoigundua mwenyewe: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, kinyume cha watu wote na kinyume cha vitabu vyote. Walimu wa gofu wangesema haiwezekani. Mpira haukusoma vitabu hivyo; ukaenda alikoutaka.

Palikuwa na Mzungu mmoja mjini, mkemia aitwaye Graham Wulff, aliyetengeneza mafuta ya uso yaliyosifika duniani. Mtu huyu aliuona ufundi wa Papwa, na mwaka 1959 akampeleka Ulaya kwa ndege. Twamtaja kwa jina lake kwa sababu sisi hatugombani na ngozi nyeupe. Twagombana na dhuluma. Mwenye kutenda haki atajwe kwa haki.

Na huko Ulaya ikawaje? Papwa aliingia katika Mashindano ya Wazi ya Uholanzi ya mwaka 1959 akashinda. Mwaka 1960 akarudi, akashinda tena. Mwaka 1964 akashinda mara ya tatu. Fikirini jambo hili, ndugu wasomaji. Uholanzi ndiko walikotoka mababu wa Makaburu. Katika nchi ya mababu hao Papwa aliingia kwa mlango wa mbele, akapewa mkono, akapewa kikombe. Katika nchi aliyozaliwa ilimbidi aombe ruhusa ya serikali ili akanyage majani aliyoyajua tangu utoto wake.

Ruhusa ilitolewa kwa choyo. Aliposhiriki, hakuruhusiwa kuingia katika nyumba ya klabu. Wenzake walipokwenda kuoga na kula mezani, yeye alibadili nguo na kula chakula chake ndani ya gari. Katika hali hiyo, mwaka 1963, alishinda Mashindano ya Wazi ya Natal katika Klabu ya Durban, akiwapita wazungu wote walioshiriki.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Wachezaji na wakubwa walikuwa ndani, pakavu. Mshindi alikuwa nje, maana sheria haikumruhusu kuvuka kizingiti. Basi kikombe kikaletwa nje, akakabidhiwa hapo penye mvua. Picha yake ikapigwa, ikazunguka dunia. Mabalozi wa Makaburu walikuwa wametumia fedha nyingi kuueleza ulimwengu kuwa utengano ni mpango wa amani, kila mtu kwake na kila mtu kwa raha yake. Picha moja ya mtu aliyelowa, ameshika kikombe mbele ya mlango uliofungwa, ikayafuta maneno hayo yote.

Mwaka huo huo, katika Mashindano ya Wazi ya nchi yenyewe, Papwa alikuwa wa pili. Retief Waltman alimshinda kwa mkwaju mmoja tu. Mkwaju mmoja, ndugu zangu! Mtu aliyebadili nguo ndani ya gari alibakiza mkwaju mmoja kuwa bingwa wa Afrika ya Kusini.

WALIPOOGOPA, WAKAFUNGA

Mwaka 1965 Papwa alirudi katika mashindano ya Natal, na safari hii mbele yake alikuwapo Gary Player mwenyewe. Papwa akamshinda. Ili mpate kujua uzito wa jambo hilo, mwaka huo huo Player alikwenda Marekani akashinda Mashindano ya Wazi ya huko, akawa amekamilisha kutwaa vikombe vyote vinne vikubwa vya gofu duniani. Basi mtu aliyeshindwa na mbeba mifuko wa Beachwood hakuwa mtu mdogo. Alikuwa katika kilele chake.

Je, serikali ya Pretoria ilimpa Papwa nishani? Mwaka 1966 ilimfungia. Akakatazwa kucheza katika mashindano ya Wazungu, hata kuingia uwanjani kutazama asiweze. Hati yake ya kusafiri ikachukuliwa, ili na Ulaya nako asiende. Mtu aliyekuwa hana kazi nyingine ila fimbo na mpira akanyang'anywa vyote viwili akiwa bado katika miaka ya nguvu zake. Akafariki mwaka 1978, bila kufikia umri wa miaka 50, bila mali na bila kikombe cha nchi yake.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo, apime. Kati ya mwaka 1965 na 1969 Gary Player alitwaa kikombe cha Afrika ya Kusini mara 5 mfululizo. Ni sifa kubwa kweli. Lakini kuanzia 1966 mtu aliyemshinda alikuwa nje ya seng'enge, na pamoja naye walikuwa nje vijana wengi tusiowajua majina, ambao hawakupata hata ule upenyo mdogo alioupata Papwa. Je, twaweza kusema kwa hakika Player angeshinda mara zote tano? Huenda angeshinda. Alikuwa hodari kuliko wengi. Lakini hatutajua kamwe, wala yeye hatajua kamwe. Hiyo ndiyo hasara ambayo wabaguzi hawakuifikiria: ubaguzi humwibia aliyefungiwa nje, kisha humwibia na aliyebaki ndani. Kikombe ulichoshindania na nusu ya watu ni nusu ya kikombe, hata ukikisugua mpaka king'ae.

Tena inafaa kusema ukweli wote. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1966, Player aliandika kuwa yeye ni mtu wa Afrika ya Kusini ya Verwoerd na ya utengano. Mwaka 1969, alipocheza Marekani, waliopinga utengano wakamrushia barafu uwanjani. Lakini mwaka 1971 alimwalika Lee Elder, Mmarekani mweusi, kuja kucheza Afrika ya Kusini, na miaka iliyofuata akayakana maneno yake ya zamani. Mtu akigeuka akaifuata haki, tusimfungie njia. Ila tusisahau kuwa kugeuka kwake hakukumrudishia Papwa hata siku moja.

"MSITIE SIASA KATIKA MICHEZO"

Wakati ule palikuwa na wimbo uliopendwa sana na mabwana wa Ulaya. Walisema: msitie siasa katika michezo. Afrika huru ilipokataa kucheza na Makaburu, tuliambiwa kuwa twaharibu undugu wa wanamichezo. Lakini nani aliyeanza? Aliyeweka polisi mlangoni ndiye aliyetia siasa. Sisi tuliuonyesha tu mlango.

Na Afrika haikuonyesha kwa maneno matupu. Afrika ya Kusini ilizuiwa kwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa. Mwaka 1976, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Makaburu, nchi zaidi ya 20, nyingi zao za Afrika, ziliigomea Olimpiki ya Montreal. Tanzania ilikuwa mojawapo. Nasi tulilipa gharama: Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya meta 1500 mwaka 1974 huko Christchurch, hakukimbia Montreal. Kijana wa Kitanzania aliiacha medali iliyokuwa mbele ya macho yake ili mtu kama Papwa apate mlango. Wakati mwingine tukiambiwa kuwa ukombozi wa Kusini ulitugharimu nini, tukumbuke na hilo.

Gofu, hata hivyo, ilipenya katika tundu la wavu. Mchezaji wa gofu hachezi kwa bendera, hucheza kwa jina lake, kwa hiyo Wazungu wa Afrika ya Kusini waliendelea kuzunguka dunia wakichuma vikombe na fedha huku wenzao wa riadha wakizuiliwa. Mwaka ule ule wa 1976, mwaka wa damu ya watoto wa Soweto, Mwafrika wa Afrika ya Kusini aitwaye Vincent Tshabalala alishinda Mashindano ya Wazi ya Ufaransa. Tazameni tena! Uholanzi ilimpokea Papwa, Ufaransa ikampokea Tshabalala. Nyumbani peke yake ndiko kulikokuwa ugenini.

Wala tusidhani dhambi hii ilikuwa ya Makaburu peke yao. Huko Marekani, mwaka 1896, kijana mweusi wa miaka 16, John Shippen, naye mbeba mifuko, alijiandikisha katika Mashindano ya Wazi ya nchi ile, ya pili tangu yaanzishwe. Wachezaji Wazungu wakatishia kugoma. Rais wa chama cha gofu, Theodore Havemeyer, akawajibu kuwa mashindano yatafanyika hata kama watabaki wachezaji wawili tu, Shippen na mwenzake wa asili ya Wahindi Wekundu. Wagomaji wakafyata mkia, wakacheza. Neno moja la mkubwa mwenye msimamo lilitosha. Lakini miaka ikapita, wenye msimamo wakaondoka, na mwaka 1934 chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kikaandika katika katiba yake kuwa uanachama ni wa Wazungu tu. Maneno hayo hayakufutwa hadi mwaka 1961. Somo lake ni hili: mlango uliofunguliwa na wema wa mtu mmoja waweza kufungwa mtu huyo akiondoka. Haki sharti iandikwe.

MVUA YA DURBAN TENA

Mwaka 1994 wananchi wa Afrika ya Kusini walipiga kura, na kufuli la sheria likavunjika. Mwaka 1997 kikombe kilitwaliwa na Vijay Singh, mtu wa Fiji mwenye asili ya Kihindi. Lakini yeye alikuwa mgeni. Mwenyeji je? Mwenyeji alingoja. Ikapita miaka 10, ikapita 20, ikapita 30.

Ndipo tarehe 2 Machi, 2025, kijana wa Afrika ya Kusini mwenye asili ya Kihindi, Dylan Naidoo, alipotoshana mikwaju na Mwingereza Laurie Canter, wakarudi kupiga shimo la ziada, na Naidoo akashinda. Uwanja ulikuwa upi? Ni ule ule wa Klabu ya Durban. Na mvua ilikuwa imenyesha sana hata mashindano yakapunguzwa kutoka mashimo 72 hadi 54. Mvua ile ile, mlango ule ule, miaka 62 baadaye. Tofauti ni kwamba safari hii mshindi hakuachwa nje.

Tumefurahi, na kila mpenda haki afurahi. Lakini tusilewe furaha. Tangu 1903 hadi 2025 ni miaka 122, na katika muda wote huo hakuna Mwafrika mweusi wa nchi ile aliyekitwaa kikombe hicho. Sheria imevunjwa tangu 1994. Basi kinachomzuia sasa ni nini?

NA SISI JE?

Swali hilo ndilo linalotuleta nyumbani. Ni rahisi kumnyooshea kidole Kaburu. Yuko mbali, na dhambi yake inajulikana. Hebu tutazame hapa petu. Mashindano ya Wazi ya Kenya yalianzishwa mwaka 1967, nchi ikiwa huru tayari. Hapakuwa na sheria ya rangi. Mshindi wa kwanza alikuwa Guy Wolstenholme, Mwingereza. Mwaka 1978 alishinda Seve Ballesteros wa Hispania, mwaka 1986 Ian Woosnam wa Wales. Tangu mwaka 2019 yamepandishwa daraja, yamo katika mzunguko mkuu wa Ulaya, na fedha zake ni nyingi. Tangu mwanzo huo hadi 2025 hakuna Mkenya aliyetwaa kikombe cha Kenya. Sisi ni hodari wa kukaribisha. Twafagia uwanja, twapanga viti, twapiga makofi, mgeni aondoka na kikombe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona hapa mwenyeji haponi?

Tusijidanganye kuwa gofu haiko katika damu yetu. Huyo Ballesteros aliyetwaa kikombe Nairobi mwaka 1978 alikuwa mtoto wa kijiji cha Pedreña, aliyebeba mifuko ya matajiri na kujifunza kupiga mpira kwa fimbo moja kwenye mchanga wa pwani. Francis Ouimet, aliyewashtua mabingwa wa Uingereza katika Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka 1913 akiwa na miaka 20, alikuwa amebeba mifuko katika klabu iliyokuwa ng'ambo ya barabara ya nyumba yao. Shippen alibeba mifuko. Papwa alibeba mifuko. Ikiwa ni hivyo, mabingwa wetu tunao. Wapo asubuhi hii kwenye lango la kila klabu, wamekaa chini ya mti, wakingoja kuitwa.

Kinachowazuia si rangi tena. Ni ada ya uanachama, ni bei ya fimbo, ni seng'enge, na ni kasumba iliyobaki katika vichwa vya Waafrika wenzetu walioingia ndani ya nyumba ya klabu na kuufunga mlango nyuma yao. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha bwana aliyeondoka, akamwita mwenzake "boi" kama alivyoitwa babake, huyo amebadili mkaaji wa kiti tu.

Basi twapendekeza mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, kila klabu itenge siku moja katika juma ambayo wabeba mifuko wake watacheza bure, pamoja na fimbo za kuazima na mwalimu. Pili, ardhi ni ya wananchi. Klabu ikija kuomba kuongezewa muda wa kupanga ardhi hiyo, sharti la kufundisha vijana wa mtaa liandikwe ndani ya mkataba, lisiachiwe hisani ya mwenyekiti. Tumeona huko Marekani hisani inavyokwisha. Tatu, katika mashindano yo yote yanayobeba jina la nchi, sehemu ya fedha za wafadhili itengwe kwa ajili ya kuwapeleka vijana hodari kucheza nje, kama Wulff alivyofanya kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1959. Jambo aliloliweza mkemia mmoja wa Durban, taifa zima haliwezi kushindwa.

Wako watakaosema: afadhali viwanja hivyo vigawanywe, vijengwe shule na zahanati. Twawaheshimu wenye rai hiyo, na mahali penye shida ya shule, shule ijengwe kwanza. Lakini maadamu viwanja vipo, na maadamu jina la nchi limeandikwa juu ya kikombe, haiwezekani nchi iwe mtazamaji katika baraza yake yenyewe.

Leo mjini Durban uko uwanja wa gofu wa manispaa uitwao kwa jina la Papwa Sewgolum. Ni heshima njema, ila imemfikia akiwa kaburini. Sisi tusingoje kuwapa vijana wetu majina ya viwanja baada ya kufa kwao. Tuwape fimbo sasa. Mtu akiwa na haki ya kubeba mfuko, ana haki ya kuufungua.